Mchawi Asemaye Kama Sisi
Juu ya sauti za sinema «Kirikou»

Wazazi na walimu wengi wa Kolwezi waijua sinema ya Kirikou. Watoto wameiona nyumbani katika televisheni, au katika diski iliyonunuliwa sokoni, au shuleni mwisho wa mwaka wa masomo. Hata wazazi wengine waliiona walipokuwa wadogo, maana ilitoka katika Ufaransa mwezi wa Desemba 1998. Basi leo sitaki kuisifu wala kuilaumu yote nzima. Nataka kusema juu ya jambo moja tu lisiloonekana kwa macho, nalo ni sauti. Ni nani wanaosema ndani ya sinema ile? Tena, wanasema kwa kinywa cha watu wa wapi?

Labda msomaji atajibu: «Hilo ni jambo dogo. Sinema ni picha. Sauti hufuata tu.» Mimi pia nilifikiri hivyo zamani. Lakini siku moja, katika ukumbi wa parokia, niliona jinsi sauti moja ilivyoiharibu sinema nzuri mbele ya watoto, ikamwumiza na mama mmoja asiye na kosa. Habari hiyo nitaieleza mbele kidogo. Kwanza tuitazame sinema yenyewe.

Hadithi na mtengenezaji wake

Hadithi ya Kirikou haikutungwa na mtu wa sinema. Ni hadithi ya kale ya Afrika ya Magharibi. Wazee waliisimulia, kisha ikaandikwa katika kitabu na mtumishi mmoja wa serikali ya Kifaransa wakati wa ukoloni. Bwana Michel Ocelot, Mfaransa aliyekaa utotoni mwake huko Conakry katika nchi ya Guinea, aliikuta hadithi hiyo, akaigeuza kuwa sinema ya michoro.

Mambo yake ni haya. Mtoto anasema akiwa bado tumboni mwa mama yake. Anajizaa mwenyewe, anajikata kitovu, anajiosha, naye ni mdogo kupita watoto wote. Kijiji chake kimo katika taabu: chemchemi imekauka, wanaume wametoweka, dhahabu ya wanawake imechukuliwa. Watu wasema kwamba yote hayo ni kazi ya mchawi, jina lake Karaba, na kwamba wanaume amewala. Lakini Kirikou hachoki kuuliza sababu ya uovu wa Karaba. Wakubwa hawana jibu. Kwao mchawi ni mchawi, basi.

Mwishoni babu yake, mzee mwenye hekima akaaye ndani ya mlima, anampa jibu. Zamani watu walimkamata Karaba, wakampigilia mwiba wenye sumu mgongoni. Mwiba huo wampa nguvu za uchawi, lakini tena wamwumiza mchana na usiku. Kirikou anamtoa Karaba nyumbani mwake kwa werevu, anauchomoa mwiba kwa meno yake, naye Karaba anapiga ukelele mkubwa wa uchungu. Kisha anapona. Wanaume pia wanarudi, kwa sababu hakuwala. Alikuwa amewageuza kuwa sanamu za kumtumikia.

Msomaji aone vema: sinema nzima imejengwa juu ya ukelele ule mmoja. Mtu asiyemhurumia Karaba wakati ule ameitazama bure.

Sauti zilizonaswa Dakar

Mara nyingi sinema inayotengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya hupewa sauti za waigizaji wa Ulaya, hata kama habari zake ni za Afrika. Bwana Ocelot hakufanya hivyo. Sauti za Kifaransa za Kirikou zilinaswa Dakar, katika Senegal, kwa vinywa vya waigizaji wa Afrika na watoto wa Dakar. Awa Sène Sarr alimpa Karaba sauti yake. Maïmouna N'Diaye alimsemea mama. Kirikou mdogo alisemewa na mtoto, Doudou Gueye Thiaw. Muziki ulitungwa na Youssou N'Dour, na ala zinazosikika humo ni ala za kienyeji za Afrika ya Magharibi.

Matokeo yake ni kwamba Kifaransa cha Kirikou si cha Paris. Lafudhi yake, maana yake namna ya kutamka maneno, ni ya Waafrika. Ni kweli, Kifaransa chetu cha Kolwezi si kile cha Dakar. Chetu kimekaa nyumba moja na Kiswahili, na Kiruund, na Kisanga, na Kiluba, na Kichokwe. Chao kimekaa pamoja na Kiwolof. Hata hivyo mtoto wetu anaposikia, anajua mara moja kwamba msemaji yule alikuwa na lugha ya mama kabla ya Kifaransa, kama yeye mwenyewe, na kama mwalimu wake. Haambiwi ya kwamba watu wenye heshima ndio wale tu wanaotamka kama Wazungu.

Hiyo ni faida ya kwanza, na wengi wamekwisha kuisema. Lakini kuna faida ya pili iliyo kubwa zaidi, nayo haisemwi sana. Katika Kirikou wote wasema kwa lafudhi moja. Mama asema hivyo, mjomba hivyo, watoto hivyo, na Karaba vilevile. Basi baada ya dakika chache sikio laacha kuuliza: «Huyu ametoka wapi?» Laanza kuuliza: «Huyu anasema nini, na kwa moyo gani?» Hapo ndipo tunaposikia tofauti za kweli. Sauti ya mama ni ya chini, haina haraka, haimdanganyi mtoto. Sauti za watoto wa kijiji zabadilika upesi: mara wanamcheka Kirikou, mara wanamwimbia sifa. Sauti ya Karaba yaamuru, yadharau, yachoma kama pilipili. Lakini ukisikiliza vizuri, ndani yake mna mtu ambaye hajalala usingizi miaka mingi.

Yule ambaye kijiji chote kinamwogopa ana kinywa kilekile cha kijiji. Mchawi asema kama sisi.

Ndugu wawili, lafudhi mbili

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tulinganishe na sinema nyingine ambayo watoto wa Kolwezi waijua sana, yaani «Le Roi Lion» ya kampuni ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1994. Ni sinema nzuri kwa picha na kwa nyimbo. Tena sisi wenye Kiswahili twaifurahia kwa sababu majina mengi ni yetu: Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Lakini tuzisikilize sauti za Kiingereza zilizofanywa kwanza.

Mufasa, mfalme mwema, alisemewa na James Earl Jones, Mmarekani mwenye sauti nzito. Scar, ndugu yake mwovu, alisemewa na Jeremy Irons, Mwingereza, kwa Kiingereza cha mabwana wakubwa wa London. Hebu tufikiri. Hawa ni ndugu wa nyumba moja. Wamezaliwa jiwe moja, wamekunywa maji ya mto mmoja. Yawezekanaje mmoja aseme kama mtu wa Marekani na mwingine kama mtu wa Uingereza? Mtengenezaji wa sinema hakukosea. Alifanya kwa makusudi. Kabla Scar hajatenda neno lolote baya, sikio la Mmarekani limekwisha kuambiwa: «Huyu si wa kwetu. Jihadhari naye.» Hata sinema hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2019, Scar alipewa tena mwigizaji wa Uingereza, Chiwetel Ejiofor, na Mufasa alibaki na James Earl Jones.

Tuwatazame na fisi. Wawili kati yao walisemewa na Whoopi Goldberg, mwanamke Mmarekani mweusi, na Cheech Marin, Mmarekani wa asili ya Meksiko. Watu wengi huko Marekani walilalamika kwamba fisi, wezi na wenye njaa, wamepewa sauti za maskini wa mijini. Tena mmoja wa fisi hao aitwa Shenzi, tusi ambalo kila mtu wa Kiswahili alijua kabla ya kuiona sinema.

Na katika wakubwa wote wa nchi ile ya Afrika, ni nani aliyepewa lafudhi ya Kiafrika? Ni Rafiki peke yake, yule nyani mganga, mwenye kucheka-cheka. Naye mwaka 1994 alisemewa na Mmarekani, Robert Guillaume, aliyeiga tu. Mwaka 2019 kazi hiyo alipewa John Kani wa Afrika ya Kusini, ambaye hakuwa na haja ya kuiga, na hilo lilikuwa jambo la haki. Tofauti yasikika: aigaye lafudhi ya watu huwafanya wachekeshe, mwenye lafudhi yake husema tu.

Sisi hapa twaiona sinema hiyo mara nyingi kwa Kifaransa, na sauti hizo zote zimebadilishwa. Lakini hila yenyewe ni ya kujua, maana si ya Wamarekani peke yao. Hila ni hii: kumpa mwovu kinywa cha mgeni, ili mtazamaji asipate taabu ya kuuliza kwa nini ni mwovu.

Sasa turudi kwa Karaba. Kama Bwana Ocelot angalimpa lafudhi ya kabila jingine au ya nchi nyingine, nini kingalitokea? Swali la Kirikou lingalikufa. Watoto wangalijibu mara moja: ni mwovu kwa sababu si wetu. Babu wa mlimani angaliweza kusema habari ya mwiba mpaka asubuhi; masikio yangalikuwa yamekwisha kupata jibu jingine. Kwa hiyo nasema kwamba lafudhi moja ya Kirikou si pambo. Ndiyo inayolinda maana ya hadithi.

Mapungufu yake

Sinema hii ina mapungufu pia, nami sitayaficha. Wazazi wengine hawapendi jinsi watu wanavyoonyeshwa bila nguo nyingi. Hilo kila mzazi ataamua nyumbani mwake. Lakini kwa habari ya sauti, kasoro yake ni hii: ni Kifaransa tangu mwanzo hadi mwisho. Hadithi iliyosimuliwa kwanza kwa lugha za Kiafrika yatufikia bila hata sentensi moja ya lugha hizo. Mtoto wa shule ya msingi katika kambi zetu, ambaye nyumbani asikia Kiswahili tu, anaiona kama kiziwi. Anacheka Kirikou anapokimbia; lakini maneno ya mama na ya babu, ambayo ndiyo moyo wa hadithi, yampita.

Basi mtu mmoja anasimama kumfasiria. Na hapo sauti zaanza upya.

Wafasiri wetu

Kazi ya kufasiri sinema ni ya zamani katika nchi yetu. Miaka ya 1950 sinema zilionyeshwa misioni na katika kambi za wafanyakazi, na mara nyingi mtu alisimama kuwaeleza watu mambo kwa lugha yao. Wamisionari wengine walitengeneza sinema wenyewe. Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut alifanya katika Kasai zile sinema za kuchekesha za Matamata na Pilipili, ambazo wazee hawajazisahau. Nchi jirani nazo zina wafasiri wao: Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, ambao sauti zao watu wazipenda kuliko sauti za sinema yenyewe.

Hata hapa Katanga hatukosi watu wenye ufundi. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi limecheza michezo yake miaka mingi, kwa redio na kwa televisheni, kwa Kiswahili cha mjini kama watu wakisemavyo. Mwaka 1986 walitunga mchezo juu ya methali isemayo kwamba ukubwa huliwa mzima, na mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1990. Waigizaji hawakupewa maneno yaliyoandikwa. Kila mmoja alitafuta maneno kinywani mwake mwenyewe.

Nasema hayo ili tusifikiri kwamba sauti ni shauri la Paris au la Dakar au la Amerika. Sinema ikifika kwetu, sauti ya mwisho ni ya mfasiri. Wajibu nao ni wake.

Siku mbili katika ukumbi

Sasa nieleze habari niliyoahidi. Tulitandika kitambaa cheupe ukutani, tukaazima mashine, tukawaita watoto wa katekisimu kuiona Kirikou. Kwa kuwa wadogo hawakujua Kifaransa, nilimwomba kijana mmoja wa kwaya afasiri kwa Kiswahili cha Kolwezi. Ni kijana mwenye kipaji. Alimpa mama wa Kirikou sauti ya wale mama wetu wanaouza unga asubuhi, sauti tulivu isiyopandishwa hata bei ikibishaniwa. Alimpa mjomba sauti ya mzee wa kambi aliyekwisha pata pensheni. Watoto walifurahi, nami nilifurahi.

Kisha Karaba akatokea. Kijana, bila kufikiri, akampa lafudhi ya kabila moja. Sitalitaja. Kila msomaji wa Katanga analijua kabila ambalo mtaani kwake huigwa kwa kuchekesha watu, na kila kabila laweza kuwa hilo, kufuatana na mtaa. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, naungama.

Tangu hapo kila Karaba alipofungua kinywa, watoto walicheka. Alipotisha, walicheka. Na ulipofika wakati wa mwiba, Kirikou alipouchomoa kwa meno, Karaba akalia kwa uchungu, kijana akalia kwa lafudhi ileile, na watoto wakacheka kupita mwanzo. Walicheka mbele ya mtu aliyepigiliwa mwiba mgongoni. Hapo ndipo kicheko changu kilipokatika.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mama mmoja na watoto wake wawili. Aliwashika mikono, akatoka kabla ya mwisho. Kesho yake nilimfuata. Hakunigombeza. Alisema tu: «Mwalimu, batoto bangu balizaliwa hapa Kolwezi. Kusema namna ile, habayue.»

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Watoto wake husema kama wangu. Husema «batoto» na «habayue», kama watoto wote wa mtaa wetu. Lafudhi ile waliyochekewa haikuwa yao hata kidogo. Ilikuwa ya babu yao, ambaye alikuja hapa kufanya kazi ya shaba. Lakini katika ukumbi walikuwa wamejua kwamba ni wao wanaochekwa, na kwamba mchawi amepewa jina lao bila kutaja jina.

Sisi watu wa shaba yafaa tukumbuke. Kolwezi ulijengwa na Union Minière katika miaka ya 1930, na tangu mwanzo ulikuwa mji wa watu wa mahali pengi: Walunda, Wasanga, Waluba wa Katanga, Wachokwe, watu wa Kasai, na wengine wa mbali. Kiswahili chetu kilikua kutokana na wote hao kukaa pamoja, wakikoseana na kusahihishana, kazini na bombani. Kisha miaka ya 1992 na 1993, katika Likasi na katika Kolwezi yetu, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni wakingoja treni. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga, na watoto wao hawakuwa na kijiji kingine walichokijua. Sisemi kwamba vichekesho ndivyo vilivyowafukuza. Siasa ilifanya kazi hiyo, na taabu ya kazi iliisaidia. Lakini mkono haumsukumi jirani kabla sikio halijafundishwa kumsikia kama mgeni. Na sikio lafundishwa wapi? Lafundishwa katika michezo, tunapocheka.

Mwezi uliofuata tulionyesha sinema tena. Nilikuwa nimezungumza na kijana, naye alielewa upesi, akaona haya kuliko mimi. Safari hii alimpa Karaba Kiswahili kilekile alichompa mama wa Kirikou, lakini kwa moto na kiburi. Watoto walimwogopa kweli. Ulipofika wakati wa mwiba, hakuna aliyecheka. Palikuwa kimya, hata tukaisikia mashine ikivuma. Kisha mtoto mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti: «Njo nani alimuchoma ule mwiba?»

Hilo ndilo swali la Kirikou. Mara ya kwanza hakuna mtoto aliyeliuliza.

Yule mama hakuja mara ya pili. Watoto wake walikuja.

Kinywa chamtambulisha mtu

Wakristu tusishangae kwamba lafudhi ina nguvu kama hiyo, maana Maandiko yatuonyesha mara mbili. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, wakamwamuru kila apitaye atamke neno «Shibolethi». Watu wa Efraimu hawakuweza kulitamka sawasawa. Wakauawa 42,000, kwa ajili ya herufi moja. Tena usiku wa mateso ya Bwana, watu waliosimama uani walimtambua Petro kwa usemi wake kwamba ni wa Galilaya. Watu wa Yerusalemu waliwaona Wagalilaya kama watu wa shamba. Yule aliyetambulishwa kwa lafudhi ya shamba ndiye aliyekabidhiwa funguo, na sidhani kwamba alibadili usemi wake kwanza.

Mashauri matatu

Kwa hiyo natoa mashauri kwa walimu, kwa vijana wa kwaya na kwa wote wanaofasiri sinema au kutengeneza michezo ya Noeli na ya Pasaka.

Kwanza: msimpe mwovu lafudhi ya jirani. Herode asiwe wa kabila fulani, wala Yuda, wala askari wa Pilato. Mkitaka watu wamwogope Herode, mpeni hofu yake, wivu wake na usingizi wake mbaya. Mkimpa lafudhi, mtapata kicheko, lakini Herode mtakuwa mmempoteza.

Pili: msidhani kwamba dawa ni kufuta lafudhi zote na kusema kama kitabu. Wale wa Kirikou hawakusema kama watu wa Paris, na mama mzuri wa ukumbi wetu alisema kama mama wa sokoni. Mpeni Bikira Maria Kiswahili chenu cha Kolwezi bila haya. Mpeni na malaika.

Tatu: mtu wa lafudhi nyingine akiwapo katika kundi lenu, na aseme kwa lafudhi yake mwenyewe, naye awe mchungaji, au mfalme wa mashariki, au Yosefu. Msimwige, mwiteni acheze. Akisema mwenyewe, baada ya dakika chache watu watasahau alikotoka, watasikia anayoyasema.

Na ninyi wazazi, watoto wakiiona Kirikou nyumbani nanyi mkiwafasiria, msiogope kuchezacheza na sauti. Watoto wapenda hivyo. Lakini Karaba akifika, msemeeni kwa sauti mnayosema ninyi wenyewe siku mliyokasirika. Mtoto atawatazama kidogo, kisha atarudi kutazama picha, akingoja kujua ni nini kinachomwumiza.